Emory Jack, Msomaji wa Maji

Mjomba wangu Emory Jack kazi yake ilikuwa kufagia shule. Miaka ishirini na tisa alifagia madarasa yale yale manne, akawasha tanuri la kupasha jengo joto kabla watoto hawajafika, kisha akapiga kengele. Kengele yake haikuwahi wala haikuchelewa. Meli ya vifaa ilipofika gatini, nahodha alikuwa akirekebisha saa yake kwa kengele ile. Katika mji ambao kila mwanamume ana boti, au anafanya kazi kwenye boti ya mwenzake, yeye hakupanda boti. Alipokanyaga sitaha tu, tumbo lilimgeuka. Wavuvi walimwita Kapteni Fagio, naye aliitika bila kinyongo.

Tena hakuwa msemaji. Mama yangu, dada yake mkubwa, alituambia kwamba utotoni walidhani ni bubu, mpaka siku alipomwambia bibi yetu kwamba saa ya ukutani iko nyuma dakika nne. Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ile ile, nikimwona kila siku, na kuna wiki zilizopita bila kumsikia akisema zaidi ya "Habari, Nettie" na "Funga mlango, baridi inaingia."

Alikuwa na miaka hamsini na minane wakati Barafu ilipofunga hori.

Kaskazini ya mji wetu, nusu saa kwa helikopta, mto mkubwa wa barafu unashuka kutoka milimani hadi baharini. Wazee wetu, sisi Watlingit, wenyeji wa asili wa pwani hii, hawakusema hata siku moja kwamba umesimama. Walisema unatembea, na kwamba unasikia. Pembeni yake kuna hori refu la maili thelathini lenye mlango mwembamba, ambalo watu huliita Hori la Sili, maana sili huja kuzalia juu ya vipande vya barafu vinavyoelea humo. Majira ya baridi ya mwaka ule Barafu ilitembea kuliko kawaida yake. Ilisukuma matope na mawe mbele yake mpaka ikaegemea mwamba wa ng'ambo, na mwezi wa tano mlango ukazibwa kabisa. Hori likawa ziwa. Theluji ya milima yote ile iliyeyukia humo, mvua ikanyesha humo, na hakuna tone lililotoka.

Kwetu hilo halikuwa jambo la kutazama tu. Mwisho wa kusini wa hori kuna kilima kifupi, na nyuma ya kilima kile ndipo unapoanza mto wetu wa samoni. Mji mzima unaishi kwa mto huo. Maji yakifika futi mia moja, yangemwagika juu ya kilima na kuufagia mto pamoja na mayai yote ya samoni yaliyomo kwenye changarawe yake.

Ofisi ya serikali ya kupima maji ilimleta mhandisi, mama mmoja mrefu aitwaye Doreen Haskell. Alituambia kwenye mkutano kwamba chombo chao cha kupimia kilikuwa kimepondwa mara mbili na barafu inayoelea. Alitaka mtu akae kule juu, asome kijiti chenye alama mara mbili kwa siku, na kutaja namba kwenye redio.

"Nataka mtu ambaye akiona inchi nane hatasema karibu tisa," alisema.

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mjomba. Akatikisa kichwa kukubali, na mkutano ukaisha.

Shida ilimngoja nyumbani. Mke wake, Lavinia, alikuwa wa upande wa Kunguru, sisi tukiwa upande wa Tai, kwani kwetu mtu hana budi kuoa upande wa pili. Hori lile lilikuwa la ukoo wa mama yake. Bibi yake alizaliwa pale kwenye kambi ya wawindaji wa sili. Lavinia alikuwa anakatakata samaki wa kukausha wakati mjomba alipoingia, na hakuinua macho.

"Nasikia unasafiri," akasema.

"Nakwenda horini. Kusoma kijiti."

"Hori la nani?"

Mjomba akainama kuvua viatu.

"Nakuuliza, Emory. Hori la nani?"

"La kwenu."

"Na wewe kule ni nani?"

"Mgeni."

"Basi mgeni ameitikia mwaliko wa serikali kwenda nyumbani kwangu." Akaweka kisu chini. "Ngoja nimalize samaki hawa. Nitakupeleka mwenyewe, nikakutambulishe, usije ukaniaibisha."

Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilipanda helikopta pamoja nao kuwasaidia kuweka kambi. Mjomba alitapika njia nzima ndani ya ndoo. Lavinia alimshikia kichwa huku akicheka, akimuuliza kama kuna chombo chochote duniani kinachomfaa zaidi ya fagio.

Tulishuka juu ya bega la mwamba, maili mbili kutoka mlango uliozibwa. Rubani alipozima mashine, tulibaki tumesimama na mizigo mikononi.

Nimezaliwa katika nchi hii na nimeona barafu tangu nipate akili. Lakini nilikuwa nimeiona kwa mbali, kutoka kwenye boti, kama unavyomwona mtu mkubwa akipita barabarani. Siku ile ilikuwa kama kuingia chumbani na kumkuta amekaa. Ukuta wake ulisimama kutoka majini, juu kuliko minara mitatu ya kanisa letu ikipandishwa mmoja juu ya mwingine, ukaenda kulia mpaka jicho likachoka. Mahali palipokuwa pamebomoka karibuni palikuwa na buluu ambayo sijaiona kwenye kitu kingine chochote, si mbinguni wala baharini. Nyuma ya ukuta, Barafu ilipanda na kupanda kati ya milima hadi ikapotea ndani ya mawingu, na juu ya mawingu, pale ambapo unadhani ni mbingu tupu, palikuwa na vilele vingine vyeupe. Na yote hiyo ilikuwa inalia. Ililia kama nyumba ya mbao wakati wa baridi kali, kisha ikatoa mlio wa bunduki, kisha ikanguruma ndani kwa ndani, na mwamba ukatetemeka chini ya viatu vyetu.

Mjomba alivua kofia. Sidhani kama alijua ameivua.

Lavinia alisogea mbele hadi ukingoni. Alisema kwa lugha yetu, taratibu, kama mtu anayeongea na mzee asiyependa kukatizwa. Alitaja jina lake, jina la mama yake, la bibi yake, na la nyumba walikotoka. Barafu aliiita Babu. Alisema hawakuja kumsema vibaya wala kumuuliza kwa nini amefunga mlango, kwani ana sababu zake. Kisha akamwelekeza mumewe kwa kidevu.

"Huyu ni mume wangu, ni wa upande wa Tai. Hajui kuishi mahali kama hapa. Akikosea, ni ujinga, si dharau. Mvumilie, Babu, mimi mwenyewe namvumilia mwaka wa thelathini huu."

Akaweka pande la samoni mkavu majini, likaelea kidogo, likazama.

Kosa lilikuja siku ya tatu. Asubuhi mjomba aliamka mapema, akatia kikaangio motoni, akakaanga nyama ya nguruwe yenye mafuta. Harufu ilienea kambi nzima. Lavinia alitoka hemani mbio, nywele timutimu, kwa sababu kila mtoto wa kwao anajua kwamba mbele ya Barafu hukaangi mafuta. Inasikia harufu na inakuja kutazama. Kabla hajafungua mdomo, kipande cha ukuta chenye ukubwa wa uwanja wa shule kilimomonyoka. Kilishuka polepole, au kilionekana kushuka polepole kwa sababu ya ukubwa wake, na sauti ilitufikia kikiwa tayari majini. Wimbi lilichukua dakika kadhaa kutufikia. Lilipanda mwamba, likalamba moto wetu, likaondoka na kikaangio.

Mjomba alitazama mahali moto ulipokuwa.

"Nitakula vya kuchemsha," akasema.

Na kweli, miezi mitano hakugusa kitu cha kukaanga.

Mimi nilirudi mjini siku ya nne kushika redio. Kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni watu walikusanyika dukani, redio ilipowekwa, na sauti ya Kapteni Fagio ikaingia katikati ya mikwaruzo. Mwanzoni ilikuwa namba tu. "Futi kumi na moja, inchi nane." Kisha kimya. "Futi kumi na mbili, inchi nne." Kisha kimya. Wavuvi waliobonyezana mbavu kwa kumcheka juma la kwanza waliacha juma la pili, maana namba zilikuwa hazirudi nyuma.

Wiki mbili zilipita, halafu akaongeza neno. Baada ya namba alinyamaza, nikadhani ameondoka, kisha akasema: "Dubu amekuja na watoto wawili. Ufuko wake umezama. Tumemwachia nusu ya huu wetu." Dukani hakuna aliyecheka. Siku iliyofuata, baada ya namba, alisema mbuzi wa mlimani walivuka jabali lililosimama wima, ishirini na sita, mdogo akiwa wa mwisho, na kwamba alisahau chai yake ikapoa. Siku nyingine: "Leo ukungu umeondoka saa kumi. Ule mlima mkubwa umetokea. Sijui niseme nini." Watu walianza kuja dukani mapema. Namba ikishatajwa hawakuondoka, walisubiri. Mama yangu alikaa karibu kabisa na redio, mikono mapajani, akimsikiliza mdogo wake akisema kwa mwezi mmoja maneno mengi kuliko aliyosema maisha yake yote.

Niliwapelekea chakula mwezi wa nane. Walikuwa wamehamisha hema mara tano. Misonobari ya ufukoni ilikuwa imesimama ndani ya maji, mingine hadi kiunoni, mingine imebakiza ncha tu, na shakwe wamekaa juu ya ncha hizo. Mjomba alikuwa amekonda na ngozi imekuwa nyeusi kwa jua la theluji. Alinionyesha daftari lake, mistari iliyonyooka kama ya mwanafunzi hodari. Kisha akanionyesha sili.

Walikuwa wamefungiwa ndani, themanini hivi, pamoja na pomboo wachache. Kila bubujiko la maji kutoka milimani lilizidi kuyaondolea maji ya hori chumvi, na samaki wa kuwalisha walikuwa wanaisha. Watu wa mbali, wenye huruma, walikuja na nyavu na ndege za kutua majini ili wawakamate na kuwavusha. Walifanya kazi siku tisa, wakapata wawili, wakarudi kwao wakilia. Sili waliendelea kuzunguka. Kila wimbi la maji lilipotulia walikwenda kwenye mlango uliozibwa, wakaelea pale, vichwa vimeinuliwa, wakitazama barafu. Lavinia amelelewa kwa nyama ya sili na mafuta yake, na bunduki ilikuwa hemani. Nilimuuliza kwa nini wanakula viazi na samaki wa makopo.

"Siwezi kumla niliyefungiwa naye," alijibu.

Jioni ile nilisikia wakibishana, kwa sauti ya chini. Lavinia alikuwa amechoka kwa niaba ya mji. Alijua wanawake wenzake hawalali.

"Punguza inchi moja tu, Emory. Watu wapumue."

"Nikipunguza moja leo, kesho nitataka kupunguza mbili."

"Nani atajua?"

Mjomba alifunga daftari lake. "Babu anajua," akasema, na nilishangaa, kwa sababu hakuwahi kuiita Barafu kwa jina hilo.

Mwezi wa kumi maji yalifika futi tisini na moja. Mjini watu walianza kuinua boti na nyavu na kuzipeleka kwenye viwanja vya juu. Doreen Haskell alinichukua kwa helikopta tukawatoe wale wawili, kwa amri ya ofisi yake. Tulifika jioni, mvua imeanza, na rubani akasema hatoki tena mpaka asubuhi. Mjomba alisikiliza amri, akaikubali, akaomba jambo moja tu: asome kijiti saa mbili asubuhi, kisha waondoke.

Saa mbili asubuhi alishuka majini na daftari. Alichuchumaa. Akakaa pale muda mrefu. Alipanda, akafuta miwani, akashuka tena. Mara ya tatu alimwita mkewe.

"Nisomee hapa."

Lavinia aliinama. "Tisini. Inchi kumi."

"Soma tena."

"Macho yangu ni mazima, Emory. Tisini, inchi kumi."

Yalikuwa yamepungua inchi mbili. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Doreen alikimbilia darubini. Mlangoni, pale ambapo tope na barafu vimegusana na mwamba, palikuwa na uzi wa maji ya kahawia. Ulikuwa mwembamba hata ungeweza kudhani ni ufa kwenye kioo cha darubini. Alisema tusiondoke, kisha akasema hata kama tungetaka, rubani asingerusha kitu. Tulisimama wanne kwenye mwamba, rubani akiwa wa tano nyuma yetu, tukautazama uzi ule ukiwa kamba, kamba ikawa kijito, na kijito kikaanza kula kingo zake.

Ilipofika saa nne, mlango ulifunguka.

Siwezi kusema ulivunjika, kwa sababu kuvunjika ni jambo la mara moja. Ulisalimu amri. Kipande cha Barafu chenye ukubwa wa kilima kiliegemea mbele, kikainamia maji kana kwamba kinatafuta kitu, kikaenda. Nyuma yake maji ya hori lote, maili thelathini, yaligeuka na kuelekea upande mmoja. Yalipita pale mlangoni yakiwa yamevimba katikati, yamejipinda mgongo, ya kijivu, yakibeba vipande vya barafu vikubwa kama nyumba, na vipande vile vilipinduka na kugongana na kurushwa juu mithili ya mbao katika kiwanda. Mwamba tuliosimama ulitikisika mfululizo. Nilimgeukia Doreen. Mwanamke yule aliyesoma mambo hayo maisha yake yote alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Lavinia alikuwa anasema kitu. Niliona midomo tu. Baadaye aliniambia alikuwa anataja majina ya watu wa kwao, wote aliowakumbuka, ili na wao waone.

Na mjomba? Mjomba alikuwa anasoma kijiti. Kila nusu saa alishuka zaidi, kwa kuwa maji yalimkimbia, akaandika, akapanda, akatazama, machozi yakimtiririka wazi bila kuyafuta, akashuka tena. Namba zile sasa ndizo zinazojulikana kuhusu siku ile, kwa sababu hakukuwa na chombo kingine chochote kilichobaki.

Alasiri Lavinia aliwaona sili. Walikuwa wamekusanyika pembeni ya mkondo, vichwa vidogo vyeusi, wakitazama mlango uliokuwa umefungwa miezi mitano. Mmoja akaingia. Mkondo ulimnyakua, tukamwona mara moja juu ya mgongo wa maji, kisha hatukumwona. Akafuata mwingine. Kisha wakaingia kwa makundi. Tulihesabu, tukachanganya hesabu, tukaacha.

Kufikia magharibi kando za hori zilikuwa zimetoka nje, za kijivu kwa tope, misonobari iliyokufa imesimama juu yake na barafu zimening'inia kwenye matawi mbali na maji yoyote. Tulikula viazi vya kuchemsha. Mara Lavinia akaanza kucheka, mumewe akamfuata, na wakacheka mpaka wakashikana mabega, nasi wengine tukacheka nao bila kuuliza sababu.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia, na chumvi imerudi hewani. Tulikuwa tunafungasha mahema wakati tuliposikia pumzi. Nyangumi mmoja alikuwa ameingia kupitia mlango mpya. Alikuja hadi mbele ya kambi, akapumua mara tatu, mvuke ukasimama juu ya maji na kuyeyuka. Alilala pale kidogo, jicho moja juu. Kisha akageuka na kurudi baharini bila haraka. Mjomba alitoa daftari, akakuta hakuna safu ya kitu kama hicho, akaandika pembeni: *Saa tatu na dakika kumi. Nyangumi mmoja. Ameingia, ametazama, ametoka.*

Ofisi ya Doreen ililichukua daftari, na baada ya wiki mbili mtu mmoja wa ofisini alipiga simu kuuliza kama mstari ule wa mwisho ni kipimo. Lavinia ndiye aliyepokea. Alimjibu kwamba ndiyo.

Mto wetu haukuguswa. Tulipotoka horini kwa helikopta tuliona sili wamelala juu ya vipande vya barafu kwenye ghuba ya nje, wengi, lakini hakuna awezaye kusema kama ni wale wale. Mjomba aliendelea kufagia shule miaka mitatu zaidi. Kila kiangazi baada ya hapo yeye na mkewe walikwenda horini, bila kijiti na bila amri ya mtu, wakakaa wiki mbili au tatu. Walikwenda kwa boti. Alitapika kwenda na alitapika kurudi, na hakuna mwaka alioukosa mpaka alipofariki, akiwa na miaka sabini na moja, mwezi wa tano, mizigo ya safari ikiwa tayari imefungwa sebuleni.